Kitabu cha Pili Kimekuja Kwanza

Kuna shida moja ambayo haimo katika masomo ya kisomo. Darasani tulifundishwa herufi, kisha silabi, kisha maneno, kisha sentensi. Tulifundishwa kusoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kutoka ukurasa wa kwanza kwenda ukurasa wa mwisho. Hayo tumeyashika. Lakini mtu anaweza kufungua kitabu ukurasa wa kwanza kabisa, akasoma kwa utaratibu mzuri bila kuruka hata mstari mmoja, kumbe ameanzia katikati.

Jambo hili hutokea hivi. Vitabu vya kijijini havichaguliwi na msomaji. Vinakuja ndani ya boksi, au vinaletwa na mtoto aliyetoka shule, au vinauzwa mnadani pamoja na masufuria na mitumba. Unachukua kile kinachopatikana. Unakaa chini ya mwembe baada ya kazi, unafungua. Mstari wa kwanza unasema kwamba bwana fulani, tangu yale yaliyompata mtoni, hakumwamini tena shemeji yake.

Mto gani? Yapi yaliyompata? Shemeji yupi?

Unadhani umeruka kurasa. Unarudi mwanzo, unahesabu: moja, mbili, tatu. Zote zipo. Unasoma tena, polepole, kwa kidole. Majina yanamiminika, na mwandishi anayataja kama majirani zako wa miaka mingi. Ukifika ukurasa wa kumi umechoka. Unafunga kitabu na kusema moyoni: "Aa, kusoma huku kumenishinda. Hivi ni vitabu vya wenye elimu yao."

Hapo ndipo penye hasara. Mtu aliyesoma tangu utotoni akikutana na kitabu cha namna hiyo hujua kosa liko wapi. Hukigeuza, hutazama jalada, husema, "Kumbe hiki ni cha pili," na kukiweka kando. Lakini sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tuna tabia ya kujihukumu wenyewe kwanza. Tukikwama tunadhani kichwa ndicho kibovu. Nchini Tanzania, mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986 walikuwa wamebaki karibu 10 katika kila 100. Hiyo ilikuwa kazi kubwa sana. Lakini katika wale waliofuzu wapo waliosahau tena, kwa sababu kusoma ni kama njia ya shambani: isipopitwa, nyasi huirudia. Mtu anayeacha kusoma kwa sababu ya kitabu kimoja kilichomkatisha tamaa, naye nyasi zinaanza kuota njiani kwake. Basi tulieleze jambo hili vizuri.

Hadithi ya mdomo na hadithi ya kitabu

Kwanza tujiulize kwa nini shida hii ni ngeni kwetu. Hadithi tumezisikia tangu zamani. Bibi anasema "Paukwa!" nasi tunaitika "Pakawa!" Mtoto akichelewa kwa sababu alikuwa anafunga mbuzi, atakuja na kuuliza, "Bibi, huyo sungura amefanya nini?" Wenzake watamsukuma kwa kiwiko na kumwambia anyamaze. Lakini bibi, kwa kuwa ana huruma, atamtupia maneno mawili matatu: "Amemwibia fisi nyama, sasa anakimbia." Basi, mtoto ameingia hadithini.

Kitabu hakina masikio. Ukikiuliza, hakijibu. Kiliandikwa na mtu aliye mbali, pengine amekwisha kufa, na yeye aliwaza msomaji mmoja tu: yule aliyekwisha kusoma kitabu kilichotangulia.

Magazeti yanajua shida hii. Gazeti linapotoa hadithi kipande kipande, mwisho wa kipande huandika ITAENDELEA. Wiki inayofuata, juu ya kipande kipya, huandika ILIPOISHIA, na chini yake mistari michache ya kukumbusha. Mistari ile ni ya maana sana. Ni huruma ya bibi, imewekwa kwenye karatasi. Kwa bahati mbaya vitabu vingi havina neno ILIPOISHIA.

Mfululizo ni nini?

Vitabu viwili au zaidi vinavyofuatana huitwa mfululizo. Lakini hapa tutenganishe mambo mawili, maana watu wengi huyachanganya.

Ipo mifululizo ambayo mtu ni yule yule lakini kila kitabu kina kisa chake. Mfano mzuri ni vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Huyu bwana alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima, kwa hiyo ni mwenzetu kidogo. Alimtunga Bwana Msa, mtu mwenye kiko mdomoni na akili kali ya kufumbua mafumbo, pamoja na rafiki yake Najum. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Kikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, halafu Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine.

Je, ukipata Siri ya Sifuri kabla ya Mzimu wa Watu wa Kale, umeharibikiwa? Hapana. Soma tu. Fumbo linafungwa na kufunguliwa humo humo. Utakachokosa ni kidogo: hutajua kwa nini watu wanamheshimu Bwana Msa tangu anapoingia mlangoni. Ni kama kumkuta fundi mzuri katika uzee wake. Utaona kazi yake, ila hukuona alivyopata jina. Kitabu kimoja tu tungependa usubiri nacho, nacho ni Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984. Jina lenyewe linamtania msomaji wa siku nyingi. Mtu ambaye hajapata kumwona Bwana Msa akipatia, atashangaa nini akisikia amekosea?

Vitabu vya Elvis Musiba juu ya mpelelezi Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona cha mwaka 1974, navyo ni hivyo hivyo. Kila kitabu, kazi mpya. Ingia popote.

Namna ya pili ndiyo yenye miiba. Hapo hadithi ni moja, imekatwa vipande. Kitabu cha pili kinaendelea pale kilipoachia cha kwanza, au kinahusu watoto na wajukuu wa wale wa kwanza. Ukikosa cha kwanza, umekosa mzizi.

Babu, baba na mjukuu

Tuchukue mfano ambao tunaweza kuupata kwa Kiswahili. Chinua Achebe wa Nigeria alitoa kitabu chake cha kwanza kwa Kiingereza mwaka 1958. Kwa Kiswahili kinaitwa Shujaa Okonkwo. Mwaka 1960 alitoa cha pili, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Hamkani si Shwari Tena. Mwanzoni Achebe alikuwa amewaza hadithi moja ndefu ya vizazi vya nyumba moja. Baadaye akaona ni bora kuigawa. Kwa hiyo vitabu hivi ni kama kitenge kilichokatwa katikati: kila upande unavaliwa peke yake, lakini ua lililo kwenye mkato halikamiliki.

Sasa tazama majalada. Jalada moja linasema Shujaa Okonkwo. Jingine linasema Hamkani si Shwari Tena. Majina hayo hayasemi cha kwanza wala cha pili. Mtu akikuta Hamkani si Shwari Tena peke yake ndani ya boksi, atajuaje?

Akianza nacho, atakutana na kijana aitwaye Obi Okonkwo, yuko mahakamani Lagos, ameshitakiwa kwa kula rushwa. Halafu mwandishi anarudi nyuma kutueleza ilivyokuwa. Watu wa kijiji chake, Umuofia, wanaoishi mjini walichanga fedha wakamkopesha pauni 800 akasome Uingereza. Akarudi, akapata kazi nzuri serikalini. Akampenda msichana aitwaye Clara. Lakini Clara ni wa ukoo wa osu, yaani watu ambao zamani walitolewa wakfu kwa miungu na ambao wengine hawakuoana nao. Deni linamkaba, nyumbani wanamdai, mjini kila kitu ni bei. Mwisho mkono unapokea kisichokuwa halali.

Msomaji wetu ataelewa hayo yote. Nani kijijini asiyejua habari ya kijana aliyesomeshwa na ukoo, halafu kila mtu anamnyooshea mkono? Hapo kitabu kinajitosheleza.

Lakini kuna mahali atapita bila kujua amekanyaga nini. Obi anakwenda nyumbani kumwambia baba yake kwamba anataka kumwoa Clara. Baba yake, mzee Isaac, ni katekista mstaafu, Mkristo wa siku nyingi. Obi anadhani Mkristo hawezi kushika habari za osu. Mzee anakataa. Baadaye mzee anaeleza jambo ambalo pengine hakuwahi kulieleza. Anasema alipotoka nyumbani kuwafuata wamisionari, baba yake mzazi alimlaani. Anasema habari ya kifo cha baba yake ilipomfikia, alikataa kwenda kumzika. Na anamtaja mvulana mmoja aliyelelewa nyumbani kwao, aliyekuwa kwake kama ndugu, na aliyeuawa kwa mkono wa baba yake huyo huyo.

Msomaji aliyeanza na kitabu hiki atasema, "Pole, mzee," na kufungua ukurasa unaofuata. Ni maneno machache tu.

Yule aliyesoma Shujaa Okonkwo kwanza atasimama hapo. Atahisi baridi. Kwa sababu yeye anamjua yule mvulana: ni Ikemefuna, aliyetolewa na kijiji kingine kuwa fidia. Amemwona akiishi miaka mitatu nyumbani kwa Okonkwo, akimwita baba. Amemwona akimfundisha Nwoye, mtoto wa Okonkwo, mambo ya kiume na hadithi nyingi. Ameiona siku walipompeleka msituni, na Okonkwo akampiga panga mwenyewe kwa kuogopa kuonekana mnyonge. Na huyo Nwoye aliyevunjika moyo siku ile ndiye aliyewafuata wamisionari na kubatizwa Isaac. Ndiye mzee huyu huyu anayezungumza na mwanawe!

Kwa hiyo maneno ni yale yale, kurasa ni zile zile, lakini wasomaji wawili wamesoma vitabu viwili tofauti. Mmoja amemwona mzee mkaidi anayemzuia kijana kuoa. Mwingine amemwona mtoto wa miaka mingi iliyopita, aliyelipa bei kubwa kumwasi baba yake, na ambaye sasa amekuwa baba anayeasiwa. Hasara ya kuanzia katikati ni ya namna hiyo. Unaweza kuelewa kila sentensi na bado usijue uzito wake.

Hata hivyo tuseme ukweli, ipo na faida. Aliyeanza na Obi, kisha akapata Shujaa Okonkwo, atasoma kwa namna nyingine. Atakapoona Nwoye mdogo amekaa karibu na Ikemefuna, atajua kabla ya wote kwamba mtoto huyu atazeeka na jeraha hili. Hatauliza "itakuwaje?" Atauliza "ilikuwaje ikawa?" Hilo swali la pili ni zuri vilevile, na baadhi yetu tunalipenda zaidi.

Jambo moja dogo hapa. Achebe alitoa pia kitabu kiitwacho Mwakilishi wa Watu. Mtu anaweza kuona jina la mwandishi na kudhani ni cha tatu katika mfululizo. Sivyo. Ni hadithi nyingine kabisa, ya siasa na wanasiasa, na haina habari ya nyumba ya Okonkwo. Mwandishi kuwa mmoja hakufanyi vitabu kuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwaka wa kuchapwa na mwaka wa hadithi

Wengine wanashauri: tazama mwaka, soma kilichochapwa kwanza. Ushauri huu ni mzuri, ila una mtego.

Wazee wengi wanakumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Mwingereza Rider Haggard kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1885. Kinamhusu mwindaji Allan Quatermain na wenzake wawili wanaotafuta hazina, pamoja na Umbopa, ambaye kumbe ni mfalme aliyepokonywa kiti. (Kitabu hiki kinamtazama Mwafrika kwa jicho la mtawala wa wakati ule. Kisomwe, lakini kisomwe macho wazi.) Mwaka 1887 Haggard alitoa kitabu kingine juu ya Quatermain, na mwishoni mwa kitabu hicho Quatermain anakufa.

Ungedhani yameisha. Wapi! Wasomaji walimpenda mno Quatermain, basi Haggard akaendelea kuandika. Sasa mtu amekufa, utaandika nini? Akarudi nyuma, akaandika habari za ujana wake, kitabu baada ya kitabu. Kimoja cha ujana huo, kiitwacho Marie, kilitoka mwaka 1912, yaani miaka 25 baada ya msomaji kumzika. Ukifuata miaka ya kuchapwa, unamzika mtu kisha unamwoza. Ukifuata umri wake, unaanza na kitabu cha mwaka 1912 na kurudi kwa cha mwaka 1885.

Ipi njia iliyo sawa? Watu wanabishana sana. Kwa maoni yetu, fuata mwaka wa kuchapwa. Mwandishi alipoandika kile cha ujana alijua msomaji wake amekwisha kumjua mzee, na aliandika akikonyeza jicho. Ukianza na kijana, hutauona ule ukonyezo.

Kuanzia mwisho kwa makusudi

Tusidhani kuanzia pengine ni aibu au ni jambo la kizungu. Watoto wa chuoni, pwani na bara, huanza Kurani kwa Juzuu Amma. Juzuu hiyo ni ya thelathini, yaani ya mwisho. Wanaanzia huko kwa sababu sura zake ni fupi na zinashikika. Walimu wa chuo walijua siku nyingi kwamba mlango rahisi wa kuingilia huenda usiwe ule wa mbele.

Na msomaji wa Biblia akifungua Matendo ya Mitume atakuta mwandishi anamwambia Theofilo habari za kitabu chake cha kwanza. Kitabu hicho cha kwanza ni Injili ya Luka. Lakini katikati yao imewekwa Injili ya Yohana, kwa hiyo wengi wamesoma vyote bila kujua kwamba viwili hivyo ni vya mtu mmoja na vinafuatana. Tazama mwandishi yule wa kale alivyokuwa na adabu: alianza kitabu cha pili kwa kusema kwamba kuna cha kwanza. Laiti wote wangefanya hivyo.

Na ipo hadithi ambayo ndani yake kuendelea na kukatika ni suala la kufa na kupona. Alfu Lela Ulela imetolewa kwa Kiswahili katika vitabu vinavyofuatana, Kitabu cha Kwanza, Kitabu cha Pili, na kuendelea. Anayeanza na cha pili atakuta hadithi nzuri za majini na wafanyabiashara, moja ndani ya nyingine, na atafurahi. Lakini hatajua ni nani anayesimulia, wala kwa nini usiku ukiisha hadithi inakatwa. Mwanzo wa yote ndio unaoeleza. Mfalme Shahriyar, kwa hasira ya kusalitiwa na mkewe, alioa mwanamwali kila siku na kumwua asubuhi. Shahrazad, binti wa waziri, alijitolea kuolewa naye. Usiku akaanza hadithi, na kulipokucha akaiacha mahali patamu. Mfalme, kwa kutaka kujua mwisho, akamwacha hai siku moja. Usiku uliofuata, vivyo hivyo. Kwa hiyo kila hadithi ya jini na mvuvi ni siku moja ya uhai wa mwanamke. Asiyejua hilo anasoma ngano za kuchekesha tu.

Namna ya kukitambua kitabu

Kabla ya kuanza kusoma, kigeuze kitabu kama unavyogeuza jembe dukani. Tazama jalada mbele, nyuma na mgongoni. Kisha fungua ule ukurasa wa maandishi madogo ambao wengi tunauruka, wenye jina la mchapaji na mwaka.

Hapo kuna maneno yanayofanana ambayo yamewapoteza wengi. Ukiona "Kitabu cha Pili", "Sehemu ya Pili" au "Juzuu ya Pili", jua hiki ni mwendelezo, na kipo kilichotangulia. Lakini ukiona "Toleo la Pili", usiogope. Maana yake ni kwamba kitabu hiki hiki kimetolewa mara ya pili, pengine kimesahihishwa. "Chapa ya Tatu" ni kwamba kimepigwa chapa mara ya tatu kwa sababu cha mwanzo kilikwisha. Huo ni mwanzo halisi, soma bila wasiwasi. Tumesikia habari za watu wanaorudisha Toleo la Pili wakisema wanasubiri la kwanza. Watasubiri sana, maana tayari walikuwa nalo mkononi.

Soma na dibaji, hata kama ni kavu. Mara nyingi mwandishi au mchapaji anasema humo kwamba kitabu hiki kinafuata kile. Tazama pia nyuma kabisa. Wachapaji hupenda kutaja vitabu vingine vya mwandishi huyo ili uvinunue, na miaka yake ukiipata itakusaidia.

Kwa vitabu vya maarifa, kama vya kilimo, hesabu za ushirika au utunzaji wa wagonjwa, hapa hatuna mzaha. Riwaya ukianzia katikati umekosa utamu. Kitabu cha pili cha dawa za mimea ukikianza bila cha kwanza, huenda umekosa ukurasa uliosema kipimo, au uliosema vaa kitambaa puani. Kikikwambia "changanya kama ilivyoelezwa hapo mwanzo" na mwanzo huo huna, usikisie. Mwulize bwana shamba au bibi shamba kwanza.

Ukiwa nacho cha pili tu

Na kama cha kwanza hakipatikani? Usikirudishe. Chukua kipande cha karatasi na penseli. Kila jina linapojitokeza, liandike, na mbele yake andika unachojua: "Isaac, baba yake Obi, katekista." Usipojua, weka alama ya kuuliza. Baada ya kurasa ishirini hivi utashangaa. Alama nyingi za kuuliza zitakuwa zimejibiwa na kitabu chenyewe, maana waandishi wengi hawawezi kujizuia kukumbusha. Zile zinazobaki ndizo maswali yako ya kumpelekea mtu mwingine.

Na mtu huyo yupo. Katika kijiji mara nyingi kuna mmoja aliyekisoma cha kwanza shuleni, hata kama amekwisha kukipoteza. Mwite. Mwambie, "Mwalimu, hebu nieleze huyu Ikemefuna ni nani." Atakaa, atavuta kigoda, na atakusimulia kwa mdomo kile kitabu kizima, na pengine ataongeza chumvi yake. Hapo umepata ILIPOISHIA yako.

Wenye kutunza maktaba ya kijiji au kabati la shule nao tunawaomba jambo moja. Vitabu vinavyofuatana vifungwe pamoja kwa uzi, hata kama vinaazimwa kimoja kimoja. Kama cha kwanza kimepotea, bandikeni karatasi ndani ya jalada la cha pili, muandike mistari mitano tu: kilichotangulia kinaitwa nini, nani ni nani, na mambo yalifikia wapi. Kazi hiyo wapewe wanakisomo wenyewe, wale waliokisoma. Wakikosana juu ya mistari mitano ipi iandikwe, waacheni wabishane kwanza. Kisha aandike mmoja, kwa herufi kubwa zisomekazo, na achore mstari chini ya majina ya watu.